Vikombe vya Wageni

Muthiani alifika na mkokoteni saa moja na robo,
jua halijapanda juu ya matangi ya Buruburu.
"Mama, tunahamia wapi?"
Nikamwambia: mimi sihami.
Vitu ndivyo vinavyohama.

Likatangulia kabati la sebule,
la mvule, tulilolilipia miezi kumi na minne,
Mwakio na mimi, kwa mkopo wa chama,
tukila sukuma wiki mchana, sukuma wiki usiku,
ili lipite mlangoni. Halikupita.
Fundi aling'oa fremu siku ile,
na leo fremu imeng'oka tena.
Miaka ishirini na sita tumelipangusa vumbi
kama vijakazi wa tajiri asiyelipa.

Zikafuata televisheni mbili,
iliyokufa ikiwa imeibeba iliyo hai;
magodoro ya watoto ambao sasa
wana watoto na magodoro yao;
sanduku lililojaa mifuko,
mifuko iliyojaa mifuko;
na funguo kumi na moja za kufuli
ambazo sijui zilifunga nini.

Nyaguthii akachungulia juu ya ua:
"Umefilisika, ama umeokoka upya?"
Nikacheka tu. Ningemwambiaje
kwamba ni goti?
Stima zilipotea usiku mmoja wa Aprili, mvua ikinyesha,
nami nikajigonga kwenye meza ndogo
iliyo mbele ya meza kubwa,
nikaketi chini, katikati ya mali yangu,
nikipapasa droo moja baada ya nyingine.
Nilikuwa na tochi nne.
Nilijua ninazo.
Sikujua ziko wapi.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Waje wanuse droo zangu.

Mwishoni vikatoka vikombe,
kumi na viwili, ukingo wa dhahabu,
vya duka moja la Mtaa wa Biashara,
bado vimevaa gazeti la mwaka ule.
Vya wageni.
Wageni walikuja. Walinywea vya plastiki,
kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kutosha
kufunguliwa kabati.
Mwakio alinywea kile cha bati, kilichobanduka rangi,
mpaka mwisho.
Hata matanga yake tulikodi vikombe.

Hapo nikasimama.
Nikabandika chai, tangawizi nyingi,
nikamimina viwili.
Muthiani alikishika kwa mikono yote, kama kifaranga.
"Mama, hivi si vya wageni?"
Nikamuuliza: na wewe ni nani?
Kikagonga kisahani, ukingo ukamegeka kidogo,
jamaa akaganda, macho nje.
Nikamwambia, kunywa upande wa pili.

Usiku wa kwanza nililia, sitadanganya.
Nyumba ilinirudishia kikohozi changu
kama mtu aliyekaa chumba cha pili.
Asubuhi nikaona sakafu nyekundu
ambayo sikumbuki kuiona tangu tulipoipaka rangi,
na pale lilipokuwa kabati, mstatili
uliokolea kama siku ya kwanza,
jua likitembea juu yake polepole
bila kujikwaa.

Vikombe nimebakisha viwili,
kizima na chenye pengo. Cha pengo ni changu.
Tochi nimebakisha moja.
Inaning'inia msumarini kando ya mlango,
na gizani
mkono unaijua.